Sukari ya Jumapili

Kila Jumamosi Kitinda alikula chakula cha watu wawili. Mama alipakua chakula cha mchana kwenye mabakuli mawili ya vifuniko, la baba na la binti, akayafunga kwa kitambaa na kumpa binti ayapeleke kibandani. Jioni alitaka kuyaona yote yamerudi matupu. Basi Kitinda alimaliza la kwake, akashusha pumzi, akalivuta la baba yake. Baba alisimama upande wa pili wa meza ya pasi, akimtazama kama mtu anayemsimamia fundi kwa kazi ya haraka.

"Usiache mchuzi, mwanangu. Mama yako atauliza."

"Nimeshiba, baba."

"Binti wa rika lako anashiba saa hizi? Kula. Unanisaidia."

Kitinda alikula. Yeye ndiye mtoto wa mwisho, ndiyo maana wakamwita hivyo, na tangu amalize shule ya msingi kazi yake ilikuwa kusimama pale mezani, kunyunyiza maji, kukunja mashati na kuyapanga. Kwa muda sasa magauni yake yalikuwa yanambana makwapani. Mama alikuwa akimtazama na kusema kazi ya udobi inampenda huyu mtoto, wenzake inawakausha, yeye inamnenepesha.

Baba alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Pasi. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, waya wa kutundikia nguo, na jiko la mkaa mlangoni. Umeme wa mtaa ule ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, kwa hiyo yeye alikaa na mkaa wake. Alikuwa na pasi mbili nzito za chuma, za kutia makaa ndani, moja ikifanya kazi huku nyingine ikipata moto. Ukutani, juu ya ndoo ya maji, palibandikwa picha ya binti yake mkubwa akiwa amevaa koti jeupe la maabara. Koti lile alilipiga pasi mwenyewe, na kila mteja aliyeinua macho aliambiwa hivyo.

"Ndiye daktari wetu," alisema.

Binti mkubwa hakuwa daktari. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisoma bayokemia, kwa sababu alama zake zilipungua kidogo tu mlango wa udaktari ukafungwa mbele ya pua yake. Nia yake ilikuwa amalize shahada hiyo kwa alama za juu, kisha afanye mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, apite kwa mlango wa pili. Lakini mtaa hauna subira na habari ndefu namna hiyo. Ulimwita Daktari, na hata pale nyumbani jina lake lingine likaanza kusahaulika.

Sasa, Mzee Pasi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alijinyima akanunua kipimo kidogo cha kutoboa kidole, kile chenye vijiti vya kutumbukiza damu. Vijiti vilikuwa ghali, hivyo walipatana kupima mara moja kwa wiki, Jumapili asubuhi kabla ya chai, siku ambayo yeye hutoka bwenini kuja kuwaona. Siku ya kwanza namba ilitoka kubwa. Daktari aliitazama, akakaa chini palepale sakafuni, akalia mbele ya watu wote. Wiki ile hakusoma. Alipiga simu asubuhi na jioni kuuliza baba amekula nini, amelala vipi, amekunywa maji, mpaka akafeli jaribio la darasani ambalo hajawahi kulifeli.

Mzee Pasi hakulisahau jambo lile. Baada ya hapo akagundua kile ambacho kila mtoto wa shule hukigundua: mtihani ukijulikana siku yake, unaweza kuuandalia. Kuanzia Jumatatu alikunywa chai yake ya sukari nyingi, kwani joto la mkaa lilimmaliza nguvu na bila chai hiyo mikono ilimtetemeka. Vidonge aliviacha kwenye kopo. Ijumaa jioni alianza kufunga mdomo, nyumbani akisema ameshakula kibandani. Jumamosi hakutia kitu tumboni zaidi ya maji, na vidonge vya wiki nzima akavimeza kwa mafungu. Jumapili alikuwa amepauka, macho yameingia ndani, lakini namba ilitoka nzuri.

"Kichwa cha dada yako kimejaa zile fomula," alimwambia Kitinda. "Nikimwongezea na sukari yangu, zitakaa wapi? Akishapita mtihani nitakula kama watu na nitameza dawa kama watu. Hii ni ya muda tu."

Kitinda alikuwa mtu wa kutazama zaidi ya kusema. Aliona baba anafurahi, aliona dada anasoma. Akafikiri labda ndivyo ugonjwa huu unavyotunzwa katika nyumba yenye mtoto wa chuo kikuu.

Siku moja katikati ya wiki, Kitinda alikuwa ananyunyiza maji kwenye suruali ya mteja aliposikia harufu ya mpira unaoungua. Akadhani ni ndala iliyowekwa karibu na jiko. Akatazama penye jiko, hapana. Akatazama chini ya meza.

Bawaba ya pasi ilikuwa imelegea siku nyingi. Baba alipoifungua kuchochea moto, kaa lilikuwa limedondoka, likatua juu ya mguu wake, pale ndala inapoishia na kidole kidogo kinapoanza. Lilikuwa jekundu bado. Baba alikuwa anapiga pasi kola ya shati, ameinama, anaimba kwa pua.

"Baba. Mguu."

"Umefanya nini?"

"Unaungua."

Mzee Pasi alitazama chini kama anayetazama kitu cha mtu mwingine kilichosahaulika kibandani mwake. Akatikisa mguu, kaa likaanguka. Ngozi ikabaki imekunjamana, nyeusi pembeni na nyeupe katikati. Kitinda alikuwa amekwisha kumwaga ndoo nzima.

"Sijasikia kitu," baba alisema, na akatabasamu kidogo, kama aliyegundua kuwa ana nguvu kuliko alivyodhani. "Ngozi ya dobi hii. Imeshazoea moto."

"Twende hospitali."

"Kwa kaa la moto? Watanicheka. Dobi wa miaka yote hii aende kuonyesha alipoungua?" Akafunga mguu kwa kipande cha shuka. Kisha akaweka pasi chini, jambo ambalo hakulifanya kazi ikiwa mezani. "Sikiliza, Kitinda. Jumapili dada yako anakuja. Mtihani wake ni Alhamisi inayofuata. Akiuona mguu huu atahamia hapa na mto wake. Unamjua."

"Namjua."

"Basi. Mpaka amalize. Siku hizi chache tu."

Jumapili Daktari aliingia na mkoba wa vitabu begani na uso wa mtu asiyelala vya kutosha.

"Hodi wenye nyumba. Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Yupo," alijibu baba kutoka kitini. "Anangoja kutobolewa kama ndama wa chanjo. Karibu, Daktari."

"Baba, mimi si daktari. Bayokemia, baba. Nasoma bayokemia."

"Mtu akitoka kwenda sokoni, ukamkuta njiani, utamwambia haendi sokoni?"

Mama alicheka, Daktari naye akacheka bila kutaka. Akapiga magoti mbele ya kiti, akashika kidole cha baba, akakikamua. Aliona viatu vyeusi, vinavyonuka rangi ya viatu, na soksi nzito.

"Leo viatu ndani ya nyumba?"

"Baridi imeniingia miguuni."

"Huyu amezeeka," mama alisema. "Jana amelala na soksi. Nikamwambia, unasafiri?"

Kipimo kililia. Daktari akasoma namba, akaisoma tena, na uso wake ukafunguka. Baba alikuwa haitazami namba. Alikuwa anautazama uso.

"Laiti wagonjwa wote wangekuwa kama wewe, baba."

"Nafuata masharti," alisema Mzee Pasi, akajinyoosha kitini.

"Na ile kliniki ya kila mwezi, unakwenda?"

"Nikapange foleni ya nini, na daktari wangu ninaye nyumbani?"

Daktari alifungua mdomo kusema jambo. Halafu akatazama tena ile namba nzuri, akaifuta mikono yake kwa kitambaa, jambo likapita.

Mchana alikaa na Kitinda nyuma ya nyumba, Kitinda akiwa ameshika kitabu cha maswali na kusoma polepole maneno ambayo nusu yake hayakuingia kinywani. Daktari alijibu akiwa amefumba macho. Katikati ya swali akayafumbua.

"Niambie kweli, mdogo wangu. Baba anakula vizuri?"

"Bakuli lake linarudi tupu," alisema Kitinda.

"Siku zote?"

"Siku zote, dada."

Haukuwa uongo. Kitinda aliinamisha uso kwenye kitabu, akatafuta swali jingine, akalisoma vibaya kwa makusudi ili dada yake amcheke na kumsahihisha.

Jumatatu mwalimu wa shule ya jirani alirudisha mashati yake. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu mpole anayesalimia mpaka watoto. Alisimama mlangoni na mfuko mkononi, akazunguka kwa maneno kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

"Mzee Pasi, nakuheshimu. Unajua nakuheshimu."

"Sema, mwalimu."

"Mashati yana harufu. Sijui ni sabuni. Leo darasani watoto wa mbele walikuwa wanazibana pua, wananitazama mimi."

Baba alichukua shati moja, akalinusa kwapani, kwenye kola, mgongoni. Kitinda alilijua jibu kabla hajamaliza kunusa. Ile harufu haikutoka kwenye sabuni. Tangu Jumamosi ilikuwa pale kibandani, nzito, yenye utamu mbaya, na nguo zilizotundikwa waya wa chini ndizo zilizoipata zaidi.

"Nitayafua upya, mwalimu. Bure. Usilipe kitu."

"Si suala la kulipa, mzee wangu."

"Naelewa. Nitayafua."

Mwalimu aliondoka, akiwa ameliacha tatizo lake juu ya meza kwa adabu zote. Mzee Pasi alilikunja lile shati upya. Kitinda alipiga moyo konde.

"Baba, nampigia dada."

"Alhamisi."

"Baba, mguu unanuka."

"Nina pua, mwanangu. Nimesema Alhamisi. Akitoka tu kwenye mlango wa mtihani nitampigia mimi mwenyewe, nitamwambia njoo uone. Na ukimpigia kabla, hutanisikia nikisema nawe tena."

Kabla ya hapo hakuwahi kumtishia hata siku moja. Kitinda alishika simu mfukoni mwa gauni, akaiminya mpaka ikawa na joto la mkono wake, akaiacha. Akachukua mashati ya mwalimu na kwenda nayo karoni.

Jumanne, kabla jua halijawa kali, Mzee Pasi alikaa chini. Mtu ambaye hajawahi kukaa pasi ikiwa na moto, alikaa sakafuni mwa kibanda, mgongo kwenye mabati, meno yakigongana. Pasi ilibaki juu ya shati la watu. Moshi ulipoanza, alisema, "Kitinda, pasi," kwa sauti ya mtu aliyeitwa kutoka mbali, kisha kichwa kikaangukia kifuani. Kijana wa mkokoteni aliyekuwa anashusha mkaa aliwafikisha hospitali, baba amelazwa juu ya magunia matupu, mama, aliyekuja mbio kutoka nyumbani, akifuata pembeni na kanga moja, akisema njia nzima, "Lakini Jumapili alikuwa mzima. Jumapili alipimwa."

Muuguzi alifungua soksi kwa mkasi. Akageuza uso, akaurudisha, akawatazama mama na Kitinda.

"Nyumbani kwenu hakuna mtu mwenye pua?"

"Alisema ni baridi," mama alijibu.

"Baridi. Mguu umeoza mpaka mfupa unaonekana, nyinyi mnasema baridi. Kliniki ya sukari mlikuwa mnakwenda?"

"Binti yetu ni daktari," mama alisema. "Anampima yeye."

Watu waliokaa kwenye benchi waligeuka. Muuguzi aliweka mkasi kwenye sinia.

"Daktari wa hospitali gani?"

Na wakati huohuo binti mwenyewe akatokea mwisho wa korido, amekuja mbio kutoka maabara baada ya Kitinda kumpigia, bado amevaa lile koti jeupe. Watu kwenye benchi wakamtazama jinsi anavyotazamwa mtu aliyetajwa sasa hivi.

Daktari wa zamu alikuwa mama mnene mwenye miwani, aliyechoka lakini si mkali. Alimwita binti chumbani, mama na Kitinda wakaingia pia kwa kuwa hakuna aliyewazuia.

"Sukari yake ni ya hatari, na nimepata majibu ya kile kipimo cha miezi mitatu," alisema. "Si kwamba imepanda leo. Imekuwa juu wakati wote huo."

"Haiwezekani," alisema binti. "Mimi ndiye ninayempima. Kila Jumapili asubuhi. Jumapili hii ilikuwa nzuri kabisa, nimeona kwa macho yangu."

"Wewe ni muuguzi?"

"Nasoma bayokemia."

Yule mama mwenye miwani alisubiri kidogo. "Basi hiki kipimo cha miezi mitatu unakijua kuliko mimi."

Binti alikijua. Alianza kusema polepole, akitazama ukuta, kama anayejibu swali mbele ya darasa: kwamba sukari inaganda kwenye chembe nyekundu za damu na haibanduki, kwamba chembe inaishi nayo mpaka inakufa, na kwa hiyo ukiipima hiyo iliyoganda unajua mtu ameishi vipi kwa miezi, si alivyoamka leo. Alifika mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hili swali nililipata lote mwaka wa pili."

"Mguu hauokoki," alisema daktari wa zamu. "Tukingoja, sumu itamaliza mwili. Lazima ukatwe, chini ya goti nikiwa na bahati. Kesho tutamtayarisha, Alhamisi asubuhi ndiyo nafasi ya chumba cha upasuaji. Mwenyewe aweke saini akipata nafuu."

Mama alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa.

Nje, karibu na bomba la kunawia, Daktari alivua koti lake, akalikunjakunja kuwa donge.

"Sielewi," alimwambia Kitinda. "Kipimo changu kizima. Nimekijaribu kwa watu wengine chuoni, kiko sawa. Alikuwa anakula. Umesema bakuli linarudi tupu."

"Lilikuwa linarudi tupu."

"Sasa?"

Kitinda alitazama maji ya bomba. "Nilikuwa nalimaliza mimi."

Daktari alimtazama usoni, kisha macho yakashuka mabegani kwake, kwenye mikono iliyojaa, kwenye gauni lililobana. Kitinda alitamani apigwe kofi yaishe. Hakupigwa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyolia."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye karo, na hakuna aliyenyoosha mkono kufunga bomba. Kitinda alieleza yaliyobaki: vidonge kwenye kopo, kufunga mdomo Ijumaa, kaa la moto, ahadi. Alieleza bila kujitetea, kwa mpangilio, jinsi anavyopanga nguo za mteja.

"Ningekwambia Alhamisi," alimalizia.

"Nami nilipaswa kukuuliza," alisema Daktari. "Ningekuuliza hasa anakula nini, anameza nini. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, mdogo wangu, kuuliza. Lakini namba ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa naitwa daktari."

Jumatano Mzee Pasi alipata nafuu ya kuzungumza. Walimwekea dripu, homa ikashuka, akaelezwa habari ya mguu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama dari.

"Siweki saini."

"Baba Kitinda," mama alisema, "usituue."

"Sijakataa kabisa. Naweka kwa sharti. Kesho asubuhi huyu aende kwenye mtihani wake."

Daktari alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. "Siendi popote. Nitakaa hapa mlangoni mpaka utoke."

"Ukae ufanye nini? Utawashikia msumeno?"

"Baba, umenidanganya kila Jumapili."

"Nilikuwa nakufurahisha."

"Sikutaka kufurahishwa. Nilitaka kujua."

"Ulikuwa unafurahi lakini," baba alisema, bila ukali, kama anayemkumbusha deni dogo. "Ulikuwa ukishaona ile namba unasoma mchana kutwa. Nilikuwa nasikia unavyosoma. Nikasema, njaa hii inazaa."

Daktari alishika chuma cha kitanda. Muuguzi aliyekuwa anabadilisha mashuka kitanda cha pili alipunguza mwendo ili asikie.

"Mtihani huu upo kila mwaka," alisema binti.

"Na mwakani nitakuwa dobi wa mguu mmoja. Nani atakulipia chumba na vitabu ukingoja? Kitinda?" Akavuta pumzi. "Mguu umekwenda, mwanangu, hilo nimeelewa. Sasa usinifanye niutoe kwa bure. Ukienda, naweka saini. Ukibaki, nabaki nao hivyohivyo."

Kila mtu pale alijua kwamba anasema kweli. Daktari alitoka wodini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti imenyooka.

"Nitakwenda," alisema.

Wakampa kalamu.

Alhamisi asubuhi waliachana kwenye lango la hospitali, dada akielekea kulia, Kitinda akirudi ndani. Hawakutakiana heri. Kitinda alikaa na mama kwenye benchi la mbao nje ya milango miwili ya bembea. Kitanda cha baba kilipita mbele yao, baba amefunikwa mpaka kidevuni, akainua vidole viwili kuwasalimu kama mteja anayepita barabarani. Kisha milango ikabembea mpaka ikatulia. Mama aliomba, akalala, akaamka akiuliza kama ametoka. Mfagizi aliwaambia wainue miguu apitishe fagio, wakainua, na mama alipoishusha ya kwake alianza kulia kwa sababu hiyo tu.

Mchana walimrudisha wodini. Shuka lilikuwa limeinuka upande mmoja, na upande wa pili likalala chini mapema. Kitinda, mtu wa kunyoosha nguo maisha yake yote, alijikuta akitaka kulivuta likae sawa. Akauzuia mkono wake.

Daktari alifika baba akiwa ameanza kufumbua macho. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, ametembea. Akasimama kichwani mwa kitanda. Baba alimtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Ulikuwa mwepesi."

"Ulikuwa mgumu."

"Lakini umepita."

"Sijui," alisema Daktari.

Baba alikunja uso kidogo, kama aliyepewa shati ambalo si lake. "Sema umepita, mwanangu. Nipate usingizi."

"Sijui, baba. Mengine niliyajibu. Mengine nilikuwa nakuona wewe. Matokeo yakitoka tutajua wote pamoja."

Mama alimtazama binti yake mkubwa kwa lawama, macho yakisema mpe tu mzee neno moja, litakugharimu nini. Daktari hakulitoa. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akamfuta baba midomo iliyokauka.

Muuguzi alikuja na sinia, akatoboa kidole cha Mzee Pasi, akangoja. Kipimo kililia kwa sauti ileile waliyoizoea nyumbani. "Imeshuka vizuri," alisema muuguzi, akaandika, akaanza kukusanya vitu vyake.

Na baba, katika ule uzito wa dawa, aligeuza kichwa juu ya mto kumtafuta Daktari. Hakutafuta namba. Alikuwa anautazama uso wake, akisubiri, mwenyewe ameshaanza kutabasamu.

Daktari aliona. Kitinda aliona kwamba ameona, akaona shavu la dada yake likitikisika, karibu kabisa kuachia tabasamu. Kisha dada akageuka.

"Kitinda, tangu jana amekula nini?"

"Hajala kitu, dada. Walimkataza kwa ajili ya upasuaji."

"Maji?"

"Ya kulowesha mdomo tu. Na ile dripu."

"Na dawa?"

"Amechomwa sindano mbili. Ya pili sikuelewa ya nini."

"Tutamuuliza muuguzi." Daktari alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda, akaushika mkono wa baba wenye kidole kilichotobolewa. "Basi namba hii haituambii kitu, baba. Bado hatujui."

Mzee Pasi aliendelea kumtazama, akingoja kama kuna jingine. Halikuwepo. Lile tabasamu lilikaa usoni mwake muda kidogo bila kazi, halafu likaondoka, akageuzia uso ukutani. Kitinda alisogea upande wa pili ili auone uso wa baba, akasimama pale.